Kamera gani haitoi chenga ukumbini usiku? Bajeti milioni mbili na nusu, niko Dodoma

Binti_Makole:
Habari za jioni wakuu. Napiga video za harusi na sendofu hapa Dodoma. Mchana sina neno, jua la huku mnalijua. Shida ni ukumbini. MC akishaomba taa zipunguzwe maharusi waingie, suti nyeusi ya bwana harusi inakuwa kama imemwagiwa pumba, na ukutani kuna mistari myeusi inapanda na kushuka. Natumia Canon ya zamani ya DSLR na lenzi yake iliyokuja nayo, 18-55. Nataka kuhamia mirolesi, zile kamera zisizo na kioo ndani. Kila mtu ananitajia Sony A7S III, ila hiyo hata nikiuza friji sifiki. Nina milioni mbili na nusu. Nichukue nini?

Mla_Zabibu:
Karibu dada. Subiri bonasi ya wabunge 😂

Fundi_Kisasa:
Mla Zabibu acha utani, mtu ana kazi.

Dada, hapo una magonjwa mawili. Nianze na mistari, maana hiyo ni bure kuitibu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiweka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/60 au 1/125 ya sekunde, kila sehemu ya fremu inakula kiasi tofauti cha mwanga, ndiyo hiyo mistari. Ingia kwenye menyu, toa NTSC (mfumo wa video wa hezi 60) weka PAL (wa hezi 50), piga fremu 25 na shata 1/50. Ukitaka mwendo wa taratibu, fremu 50 na shata 1/100. Zile LED za rangi za bei chee za jukwaani zina mapepeso yao wenyewe, hizo utasogeza shata kidogo kidogo huku unaangalia skrini mpaka zitulie. Fika mapema, mwombe wa taa aziwashe ujaribu.

Lenzi_Kwanza:
Nimalizie ugonjwa wa pili, ambao wengi wanautibu kwa kubadili bodi (kamera yenyewe bila lenzi) wakati ugonjwa uko mbele ya bodi.

Hiyo 18-55 ukivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Lenzi ya f/1.4 inaingiza mwanga mara 16 ya huo. Maana yake pale ulipolazimika kwenda ISO (kipimo cha kukuza mwanga, kikipanda na chenga zinapanda) 12,800, utapiga kwa ISO 800. Hakuna bodi ya bajeti yako itakayokupa tofauti hiyo.

Kwa pesa yako ningetafuta Sony ZV-E10 iliyotumika na Sigma 30mm f/1.4. Fokasi yake inashika uso na haiachii. Kwenye sensa yake ndogo ya APS-C hiyo 30mm inakuwa sawa na 45mm ya kamera ya fulufremu (yenye sensa kubwa), nzuri kwa meza kuu, keki na nyuso za wazazi. Msimu ukilipa, ongeza Sigma 16mm f/1.4 kwa ajili ya maharusi kuingia na watu kucheza, maana kwenye kumbi ndogo 30mm itakubana mgongo ukutani.

Ubaya wake nao ujue: ZV-E10 haina kitulizi ndani ya bodi, na hiyo Sigma pia haina. Ukipiga mkononi unatembea, video italewa. Tafuta gimbali (mkono wa mota unaotuliza kamera) au stendi ya mguu mmoja.

Mzee_Fulufremu:
Sikubaliani. Anunue Sony A7 III ya mtumba aongezee kidogo. Sensa kubwa, kitulizi ndani, betri haiishi. ZV-E10 ataichoka ndani ya mwaka.

Lenzi_Kwanza:
Mkuu A7 III ni kamera nzuri, ila akishainunua anabaki na lenzi gani? Atafunga ya f/4 arudi kule kule. Halafu inakata kurekodi kabla ya dakika 30, na hotuba za wazee wetu unazijua.

Mzee_Fulufremu:
Kuna 50mm f/1.8 ya Sony, haina bei kubwa. Fokasi yake inasuasua kidogo, hilo nakubali. Kuhusu dakika 30, unabonyeza tena, tatizo liko wapi?

Lenzi_Kwanza:
Tatizo ni pale inapokata baba akiwa katikati ya machozi na wewe uko upande wa pili unafuata keki.

Binti_Makole:
Asanteni sana kaka zangu. Kuna jamaa ananiuzia Panasonic S5 ya kwanza, anasema gizani ni moto. Na je, nikiipata kamera nipige S-Log3, ile rangi iliyopauka ya kurekebisha baadaye? Naona wote YouTube wanaitumia.

Fundi_Kisasa:
S5 gizani kweli iko vizuri, ina ISO asilia mbili (ngazi mbili ambazo chenga ni kidogo), kwenye V-Log (ndiyo S-Log ya Panasonic) ni 640 na 4000. Ila fokasi yake ni ya kontrasti: mtu akitembea kukujia inapapasa mbele na nyuma. Bibi harusi hatarudia kuingia. Panasonic walilirekebisha kwenye S5 II ya 2023, nayo bei yake si ya leo.

S-Log3 kwenye ZV-E10 achana nayo usiku. Inarekodi biti 8 tu (ngazi chache za rangi), ukija kurudisha rangi unaamsha chenga zote zilizolala kwenye vivuli. Piga rangi ya kawaida, na usipige giza kwa kutegemea utang'arisha kwenye kompyuta.

Mama_wa_Studio_AreaC:
Mwanangu, mbona hakuna aliyekutajia taa? Nunua LED moja ndogo yenye stendi, iweke pembeni ya meza kuu, juu kidogo ya vichwa, ielekeze ukutani au kwenye dari nyeupe irudi laini. Zungumza na MC na kamati kabla, wengine hawapendi.

Na ukinunua mtumba, washa kamera uone menyu. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake na hakibadiliki. Lenzi imulike na tochi ya simu kutoka nyuma, uangalie kuvu ndani. Kubadili lenzi fanyia ndani ya gari au ukumbini, bodi ikiangalia chini. Vumbi la upepo wa huku likikaa kwenye sensa utalia.

Binti_Makole:
Shikamoo mama. Nimebadili PAL sasa hivi nikajaribu chini ya taa ya sebuleni, mistari imeisha kabisa! Kumbe miaka yote ilikuwa menyu. Basi naenda na ZV-E10 na 30mm, na hela ikibaki ni taa. Mwenye 30mm ya kuuza, Dodoma mjini tu, aje inbox.

Mla_Zabibu:
Ya kwangu ipo, ila kifuniko cha mbele kililiwa na mbuzi. Punguzo lipo.