Betri inakufa gari ikiwa imelala: tupime kwa njia ipi?

Mkaazi wa Wete
Assalamu alaikum ndugu zangu. Kila ninapovuka kwenda Unguja kwa siku nne, nikirudi naikuta gari yangu haiwaki, hata selfu haigongi. Betri ni mpya, ya ampea-saa 45, na injini ikinguruma mita inasoma volti 14.2, kwa hiyo inachajiwa. Fundi mmoja amenishauri ninunue betri nyingine. Kabla sijatoa pesa tena, naomba kujua njia iliyo bora ya kumtafuta mwizi wa umeme: kuunga mita kwenye waya hasi, kupima juu ya fyuzi, au kuazima mita ya kubana waya?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Waalaikumu ssalamu. Betri usinunue. Mimi huunga mita kati ya ncha hasi na waya wake, kwenye tundu la ampea 10, kwa sababu hapo ndipo napata namba ninayoiamini. Gari iliyolala vyema haizidi miliampea 50. Ila usiwashe ufunguo mita ikiwa imeungwa, kwani utaiunguza fyuzi yake. Boneti ikiwa wazi, funga kitasa chake kwa bisibisi ili gari idhani imefungwa, kisha subiri kama saa nzima. Wengi wetu hupima baada ya dakika tano na kuanza kumlaumu asiyehusika.

Bi Mkubwa wa Bububu
Kaka, njia hiyo ni nzuri, lakini ukianza kuchomoa fyuzi moja moja unaviamsha vifaa vilivyokwisha lala, na namba zinakuchanganya. Mimi naona bora kugusa zile nukta mbili za chuma zilizo juu ya kila fyuzi, mita ikiwa kwenye milivolti: isiyopitisha umeme husoma sifuri. Mita ya kubana nayo haikati waya wowote, lakini nyingi za bei nafuu hupima umeme wa nyumbani tu, kwa hiyo hakikisha yako inapima umeme wa betri. Na taa ya buti usiisahau. Tia simu ndani ikirekodi video, ufunge, uone kama inazimika.

Mkaazi wa Wete
Nimefanya yote mawili, Bi Mkubwa. Taa ya buti inazima. Mita ya Fundi imetoa ampea 0.41, ambayo kwa siku nne inakaribia ampea-saa 39, yaani betri karibu yote. Jambo la ajabu ni kwamba fyuzi zote ndogo zinasoma sifuri.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Basi umeme haupiti huko. Kesho alfajiri, kabla hujawasha, ishike altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, kwa mkono. Ndani yake mna diodi, vijisehemu vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu; iliyoharibika hurudisha umeme wa betri ndani ya altaneta usiku kucha, na waya mnene wa altaneta haupiti kwenye fyuzi ndogo ulizozipima.

Mkaazi wa Wete
Nimeishika baada ya sala ya alfajiri: injini ilikuwa baridi kama jiwe, altaneta ina uvuguvugu. Nimetoa waya hasi wa betri kwanza, nikafungua ule mnene wa altaneta na kuufunika kwa mpira, kisha nikaunga mita upya. Inasoma ampea 0.03, yaani miliampea 30.