Naomba ushauri: nifuatilieje mfumo mkubwa nilioukuta bila maelezo yoyote?

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mwezi uliopita niliajiriwa hapa Kariakoo kuutunza mfumo wa stoo na ankara ulioandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, wenye mafaili zaidi ya 2,000, na wote walioujenga wameshaondoka. Ankara ikighairiwa, mzigo unarudi stoo mara mbili: katoni 10 za sabuni zinaandikwa 20. Nimesoma faili baada ya faili kwa wiki mbili, na kila nikidhani nimeishika njia, inanipotea. Nianzie wapi?

Fundi wa Mbagala: Pole sana, kaka. Sehemu kubwa ya mafaili hayo haiguswi kabisa ankara inapoghairiwa, kwa hiyo uache mfumo wenyewe ukuoneshe unakopita. Weka Xdebug, chombo cha kufuatilia programu ya PHP inavyotembea, kwenye kompyuta yako, kamwe si kwenye seva inayohudumia wateja, uandike xdebug.mode=trace kwenye mipangilio yake, kisha ughairi ankara moja tu. Utapata faili lenye kila fankisheni (kipande cha programu chenye kazi yake) iliyoitwa, kwa mfuatano wake, na iliyoitwa ndani ya nyingine imesogezwa kulia.

Mwuliza swali: Nimefanya hivyo jana usiku, nikapata mistari zaidi ya laki tatu. Siwezi kuisoma yote.

Dada wa Sinza: Usiisome yote. Rekodi mara mbili: kwanza ifungue ankara bila kuighairi, kisha ifungue na uighairi. Katika orodha ya pili ondoa kila fankisheni iliyomo katika ya kwanza. Zitakazobaki ndizo za kughairi. Norman Wilde na Michael Scully waliieleza njia hii mwaka 1995, nami sijaona iliyo nyepesi kuliko hiyo. Ukiikuta fankisheni ya kurudisha mzigo imeitwa mara mbili, tazama kila mara imeitwa na nani. Ikiwa imeitwa mara moja tu, nenda kwenye hifadhidata, kwa sababu Xdebug haioni yanayotendeka ndani ya MySQL, programu inayotunza hifadhidata. Amri ya SHOW TRIGGERS itakuonesha kama kuna triga, yaani amri inayojiendesha yenyewe ndani ya hifadhidata data ikibadilika, inayoongeza hesabu kimya kimya.

Mwuliza swali: Dada, nashukuru sana. Zimebaki fankisheni 41, na rudisha_mzigo imeitwa mara moja. Triga nimeikuta kwenye jedwali la ankara: hali ikibadilika kuwa "imeghairiwa", nayo inaongeza mzigo uleule. Naifuta leo.

Fundi wa Mbagala: Usiifute bado, kaka. Huenda skrini nyingine inaghairi ankara bila kuiita rudisha_mzigo, ikiitegemea triga hiyo peke yake. Rekodi kila skrini inayogusa hali ya ankara kwanza.