Mrejesho: programu ya duka kwenda kwenye wingu

Wakuu, narudi kwenye lile swali la kama tuhamishie kwenye wingu (yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti) programu ya mauzo na stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, Majengo, Dodoma. Uamuzi ni nusu nusu: kaunta inabaki kwenye seva ya dukani, uhasibu na nakala za akiba zinahama.

Bei haikuwa tatizo, kasi ndiyo tatizo. Programu hii ya zamani huuliza hifadhidata (zinapotunzwa taarifa za duka) mara 4 kwa kila bidhaa. Seva ya wingu ikiwa Ulaya, kila swali likichukua sekunde 0.2, ankara ya bidhaa 30 ni sekunde 24, fundi kasimama na bati begani! Intaneti ikikata, ndiyo hakuna ankara kabisa.

Nakala ya kwanza, GB 40 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 5, ni takriban saa 18. Inaanza Jumamosi jioni. Ikishapanda, itafunguliwa kwanza kwenye kompyuta nyingine kabla diski ya zamani haijafutwa.