Naomba ushauri: taa ya kuwindia sungura na mbweha usiku

Ndugu zangu, salamu. Ninaishi Wales, ambako mwenye shamba la kondoo ameniruhusu kuwapunguza sungura wanaomaliza majani na mbweha wanaonyemelea wanakondoo. Sungura nawapiga kwa bunduki ya .22 (ya risasi ndogo), umbali usiozidi mita 60, ila mbweha husimama mbali zaidi. Kurunzi yangu ya mwanga mweupe huwashtua: macho hung'aa mara moja, kisha mbweha hutokomea. Nilifunga plastiki nyekundu kwenye kioo, wakatulia, lakini mwanga ulififia hata nisione kilicho nyuma ya shabaha, na nisipokiona sifyatui kamwe.

Je, ninunue taa inayotoa mwanga mwekundu yenyewe, bila plastiki, na niifunge juu ya darubini ya bunduki au mwenzangu aishike?