Naomba ushauri: timu ya chuo chetu inafungwa karibu kila Jumamosi, tuwapateje mashabiki na vijana wa kuichezea?

BintiMoro

Wakuu, habari za huko mliko. Wakubwa zangu shikamooni.

Nipo Ohio, huu mwaka wa sita. Nilikuja kusoma, nikamaliza, chuo kikanibakiza kwenye idara ya michezo. Siku za mechi nasimamia uwanja: geti, tiketi, vipaza sauti, vibanda vya chakula. Katikati ya wiki namsaidia kocha kutafuta vijana wa sekondari waje kutuchezea. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye ncha mbili.

Chuo chetu ni kidogo, cha binafsi, tupo Divisheni ya Tatu. Kwa wasioifahamu, huku chini hakuna ufadhili wa michezo hata senti moja. Mchezaji analipa ada kama mwanafunzi mwingine, na akipunguziwa ni kwa maksi zake au kwa hali ya familia yake. Ndiyo maana uongozi unatubana sana kwenye usajili, maana vijana 30 wapya ni ada 30. Timu ikiyumba, chuo nacho kinayumba.

Msimu uliopita tulicheza mechi 10 tukashinda 1. Msimu wa kabla yake tulishinda 2.

Jumamosi moja ya Oktoba nilimtembeza kijana mmoja na mama yake. Kijana mrefu, kifua kimejaa, anagombewa na vyuo vinne. Jukwaa letu linachukua watu 3,000. Wakati wa mapumziko nilipita nikihesabu, nikapata 214, na karibu nusu yao ni wazazi wa wachezaji. Kipaza sauti cha upande wa mashariki kilikuwa kinakwaruza. Yule mama alikuwa ameshika kikombe cha chokoleti ya moto kwa mikono miwili, akaniuliza kwa upole, "Wanafunzi wenyewe wako wapi?" Kijana hakuuliza kitu. Muda wote macho yake yalikuwa jukwaani, uwanjani alitazama kidogo sana. Wiki mbili baadaye akachagua chuo kingine.

Mabweni yapo hatua 300 kutoka uwanjani. Swali la yule mama linaniuma mpaka leo.

Naomba mnisaidie, nianzie wapi? Mashabiki hawaji kwa sababu tunafungwa. Tunafungwa kwa sababu vijana wazuri hawaji. Vijana wazuri nao wakija wanakuta jukwaa tupu. Bajeti ya matangazo ni ndogo mno. Naipenda hii timu, na wale vijana wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi hawastahili kuchezea viti vitupu.

MzeeWaKansas

Marahaba binti yangu. Usikate tamaa, haya tumeyaona.

Niliingia Manhattan, Kansas, mwaka 1987 kusomea kilimo. Kansas State wakati ule ilikuwa timu ya kuhurumiwa Marekani nzima, na ndiyo ya kwanza katika daraja la juu kufikisha mechi 500 za kupoteza. Bill Snyder alipokabidhiwa timu kwa msimu wa 1989, ilikuwa haijaonja ushindi tangu 1986. Tarehe 30 Septemba 1989 tukaifunga North Texas 20 kwa 17, dakika zikiwa zimekwisha kabisa. Nilimkumbatia mzee wa Kizungu nisiyemjua, mkulima wa ngano, analia kama mtoto.

Sasa sikiliza vizuri. Msimu ule tulishinda mechi hiyo 1 tu, tukapoteza 10. Uliofuata tukashinda 5, halafu 7. Mwaka 1993 tukashinda 9, na mwaka 1998 tukashinda 11 mfululizo. Ilichukua miaka tisa. Kwa hiyo uongozi ukikuambia unataka matokeo msimu ujao, waonyeshe hesabu hiyo.

Alifanya mambo mawili ambayo nanyi mnayaweza. La kwanza, usajili. Hakung'ang'ania vijana ambao wakubwa walishawachukua. Kansas ina vyuo vya miaka miwili vyenye timu nzuri sana, akaenda huko kuchukua wachezaji waliokomaa ambao hakuna aliyewatazama. La pili, ratiba. Mechi za nje ya ligi alizipanga na timu anazoweza kuzifunga. Watu walimsema sana kwa hilo, lakini timu iliyozoea kufungwa lazima ifundishwe ladha ya kushinda. Nyie mechi zenu za nje ya ligi mnacheza na nani?

BintiMoro

Mzee wangu, hapo umenigusa. Mbili za kwanza msimu uliopita tulicheza na timu zilizofika mchujo wa taifa. Zilipangwa kabla kocha wa sasa hajaja. Tulifungwa kwa jumla ya pointi zaidi ya 90, na baada ya hapo wanafunzi hawakurudi tena.

MzeeWaKansas

Basi anzia hapo. Mechi ya kwanza ya nyumbani ndiyo inayowaambia wanafunzi wapya kama kuna kitu cha kurudia.

MamaTarombone

Dada, mimi nipo Houston, na binti yangu anapiga tarombone, kwa hiyo nitaongea upande wa bendi.

Karibu na sisi kuna Prairie View A&M, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi. Kati ya 1989 na 1998 timu yao ilipoteza mechi 80 mfululizo. Themanini! Walipoifunga Langston 14 kwa 12 mwezi Septemba 1998, habari zilisambaa nchi nzima. Lakini miaka yote hiyo watu walikuwa bado wanakuja, kwa sababu ya bendi. Vyuo vile mapumziko ndiyo kilele, hakuna anayeinuka kwenda kununua soda. Watu wazima wamevaa vizuri, wanangoja ngoma zilie.

Najua chuo kidogo Ohio hakiwezi kuwa na bendi kama ile. Ila sekondari za jirani zinazo. Ohio watoto wa bendi ni wengi kupita kiasi. Alika bendi ya sekondari moja kila mechi ya nyumbani, iingie bure na ipige wakati wa mapumziko. Watoto 80 wakija, kila mmoja ana mama, baba, bibi na mdogo wake, na hao wote watapita getini kwako. Humo humo kwenye sekondari hizo ndimo wachezaji unaowatafuta. Mwaka mmoja kijana amekuja kumwangalia dada yake akipiga filimbi, mwaka unaofuata anakumbuka uwanja wako.

Na hicho kipaza sauti kitengenezwe kabla ya jambo lingine lolote.

Kamba_Indy

Habari zenu. Mimi Mkenya, niko Indianapolis. Nawaheshimu wazee lakini miaka tisa siku hizi ni mingi. Angalieni timu ya Chuo Kikuu cha Indiana. Msimu wa 2023 walishinda 3 wakapoteza 9. Akaja kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, akaja na wachezaji wake 13, akachukua wengine kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama vyuo. Msimu wa 2024 wakashinda 11 na kuingia kwenye mchujo wa ubingwa. Msimu uliofuata wakabeba ubingwa wa taifa bila kupoteza hata mechi moja. Dada, usihangaike na watoto wa sekondari, chukua watu wazima walio tayari.

BintiMoro

Kaka Kamba, nimekuelewa, na wahamiaji tunawatafuta pia. Lakini Indiana wana pesa. Kuanzia 2025 vyuo vikubwa vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Mimi nina kijana anayeulizwa na baba yake ada italipwaje. Mchezaji mzuri wa kuhama atatupita hivi hivi.

Kamba_Indy

Sawa, pesa nimekubali. Lakini kuna jambo lake moja halikugharimu kitu. Indiana ni nchi ya mpira wa kikapu, si futiboli. Cignetti hata wiki haijaisha tangu ateuliwe, alikwenda kwenye mechi ya kikapu, ukumbi umejaa, akashika kipaza sauti akawachokoza wapinzani wote wakubwa wa ligi. Ukumbi ulilipuka! Aliwafuata watu walipo. Kocha wenu anajulikana na wanafunzi kwa sura? Anakula kantini? Anahudhuria voliboli ya wasichana? Kama hajawahi kuwashangilia wao, watamshangilia yeye kwa lipi?

Fundi_Viti

Funga nusu ya jukwaa. Weka turubai lenye rangi za chuo. Watu 214 kwenye viti 3,000 ni msiba, kwenye viti 400 ni umati. Na wageni wa usajili usiwakalishe peke yao kule VIP, waweke katikati ya wanafunzi.

BabaWaWatatu

Naongea kama mzazi. Kijana wangu wa kwanza alicheza mstari wa mbele katika chuo cha Divisheni ya Tatu, Wisconsin, na tulitembelea vyuo sita kabla ya kuamua.

Timu aliyoichagua haikuwa bora kati ya zile sita, ilikuwa imeshinda mechi 3 tu. Kilichomvuta ni hiki. Kocha wa mstari alimwandikia barua kwa mkono, mwandiko mbaya, akataja mchezo mmoja wa robo ya tatu ambapo mwanangu alianguka akainuka akamfuata mpinzani hadi pembeni. Yaani mtu alikaa akautazama. Halafu akamwambia ukweli: "Tunafungwa. Mwaka wa kwanza utakaa benchi mechi mbili tatu, kisha utacheza." Vyuo vikubwa vilimwahidi makombe, lakini hakuna aliyemwambia atacheza lini. Kijana wa miaka 17 anataka kucheza. Timu inayofungwa ina nafasi nyingi za kucheza, na hiyo ndiyo bidhaa yenu. Msiifiche.

Mke wangu naye alishawishiwa na mwalimu wa uhandisi aliyetoka ofisini siku isiyo ya kazi akamwonyesha maabara. Kwa hiyo usimlete kijana Jumamosi ya mechi tu. Mlete Alhamisi, alale bwenini na mchezaji wa mwaka wa pili, aingie darasani Ijumaa. Jumamosi akifika jukwaani atakuwa na watu kumi anaowajua kwa majina.

Mwanafunzi_Toledo

Dada mimi bado nasoma. Wanafunzi hawaji kwa sababu Jumamosi mchana ndiyo wanaamka na wana njaa. Kantini ikifunguliwa wanaenda kantini. Hamisha chakula cha mchana cha kantini kije uwanjani. Wanatumia kadi zao zile zile za chakula, hakuna gharama mpya. Choma nyama kwenye maegesho ya magari kuanzia saa sita, mechi saa saba.

BintiMoro

Mdogo wangu, hili sikuwahi kuliwaza, nami hapa naliona dirishani! Foleni ya kantini saa sita na nusu ina watu 400. Kesho naenda kwa meneja wa chakula.

Mukongo_Dayton

Jambo kwenu wandugu wote. Mimi natoka Uvira, nilipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na moja, sasa niko Dayton na familia. Nataka kusema habari ya wapigaji, wale wanaopiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo.

Huku Ohio tuko Wakongomani wengi, na watoto wetu wanacheza soka tangu wanatembea. Makocha wa futiboli hawaji kwetu, wanafikiri hawa si watu wa mchezo wao. Lakini hata ule mtindo wa kupiga kwa upande wa mguu uliletwa na mkimbizi. Pete Gogolak alikimbia Hungaria na wazazi wake baada ya mapinduzi ya 1956, akafika New York mtoto wa soka, shule yake haina timu ya soka. Akajaribu futiboli, akapiga mpira kama anavyoujua, watu wakashangaa. Akachezea chuo cha Cornell, halafu mwaka 1964 akaingia Buffalo Bills, timu ya kulipwa. Leo wapigaji wote wanapiga vile. Na yupo mtoto wa kwetu, Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekimbia yadi 313 akiwa na Michigan dhidi ya Ohio State mwaka 1995. Huyu hakuwa mpigaji, lakini mjue damu yetu haiogopi mchezo huu.

Timu yako inapoteza kwa pointi ngapi? Kuna mechi ilipotea kwa tatu au chini, yaani kwa mkwaju mmoja tu?

BintiMoro

Ndugu yangu, mbili. Moja kwa pointi 2 na nyingine kwa 1. Ile ya pointi 1 mpigaji wetu alikosa mkwaju wa baada ya tachidauni, yaani baada ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani.

Mukongo_Dayton

Unaona. Njoo kwenye makanisa yetu Jumapili, au kwenye mashindano ya soka ya jumuiya wakati wa kiangazi. Lakini uwaambie wazazi ukweli juu ya ada, na uwaambie kwa Kiswahili. Mama zetu wanaogopa karatasi za Kiingereza wasizozielewa.

MzeeWaKansas

Naunga mkono. Ila binti, angalizo moja la kiufundi. Sekondari nguzo zina upana wa futi 23 na inchi 4, na kijana anaruhusiwa kuweka mpira juu ya kibao kidogo. Chuoni nguzo ni futi 18 na inchi 6, na mpira unapigwa kutoka chini kwenye nyasi. Video ya kijana akipiga juu ya kibao isiwadanganye.

BintiMoro

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Meneja wa chakula amekubali mechi mbili za kwanza. Vipaza sauti vimetengenezwa. Turubai limeagizwa, upande wa mashariki unafungwa. Sekondari nne zimekubali kuleta bendi. Mechi za msimu huu za nje ya ligi hazibadiliki, mikataba imeshasainiwa, lakini ya mwaka kesho moja tumepata mpinzani wa saizi yetu. Kocha ameanza kula kantini Jumanne na Alhamisi. Barua za mkono nazo ameandika 11, kila moja na mchezo wake.

Mukongo_Dayton

Hongera sana dada. Mtoto wa dada yangu anaingia mwaka wa mwisho sekondari, anapigia timu ya shule. Anatumia mguu wa kushoto. Naweza kumleta mechi ya kwanza? Abebe viatu?

BintiMoro

Mlete, ndugu yangu. Viatu vya kuchezea aviache nyumbani, sheria za divisheni yetu haziruhusu tumjaribu uwanjani. Mwambie kocha wake wa sekondari atutumie video akipiga kutoka chini, bila kibao. Na dada yako naye aje. Nitawapokea mwenyewe getini saa sita kamili, tutakula na wanafunzi, halafu tutakaa nao safu ya tatu.