Naombeni ushauri: kufunga redio ya Android na sabufa kwenye Corolla 110

Wakuu, habari zenu. Nina Corolla 110 ya 1998, bado ina redio iliyotoka nayo Japani. Mnazijua: FM inaishia 90, kaseti ilishakufa, spika za milangoni zimechanika. Nataka kufunga mwenyewe redio ya Android, spika nne mpya, na amplifaya ya kuendesha sabufa moja ya inchi 10 kwenye buti.

Redio hainipi shida. Soketi za Toyota zipo Kariakoo, sikati waya hata mmoja. Waya wa njano wa redio naupeleka kwenye umeme wa kudumu, mwekundu kwenye ule wa swichi. Kuna mafundi wanaziunga zote mbili pamoja kwenye umeme wa kudumu, halafu mteja anashangaa betri inalala.

Kinachonisumbua ni amplifaya. Ni ya wati 500, na kwa volti 12 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 40 muziki ukipanda. Alteneta (inayochaji betri) ni ileile ya kiwandani. Je, usiku nikiwa na taa na AC itahimili, au nitafute kubwa zaidi? Waya wa umeme wa amplifaya nafikiria unene wa geji 4, fyuzi karibu kabisa na betri, maana waya ule ukigusa bodi bila fyuzi gari linaungua.

Halafu ule mlio wa "wiiii" kwenye spika unaopanda ukikanyaga mafuta: kupitisha nyaya za RCA (zinazopeleka sauti toka redioni hadi amplifaya) upande wa pili, mbali na waya wa umeme, kunatosha? Au mlilazimika kukwangua rangi na kufunga upya earth (waya wa hasi kwenye bodi)? Na tafadhali, "peleka kwa fundi" siyo jibu.