Vitamini B12 za mama zimekwama Dar: methili au sayano?

Binti Temeke, Leicester
Shikamooni wakubwa. Nimemtumia mama methilikobalamini, aina ya B12, chupa tatu, zimekwama ofisi ya mizigo wiki ya pili. Kwanza walidai TIN (namba ya mlipakodi), jana wakataka cheti cha daktari. Mama ana sukari, anameza metformini mwaka wa 11, miguu imeanza ganzi. Mdogo wangu anasema tuachane na kifurushi, anunue B12 Kariakoo. Ila za kule ni sayanokobalamini, aina nyingine. Ni sawa? Na hicho cheti kinatoka wapi?

Mdau Houston
Pole dada. Zangu zilikaa miezi miwili, gharama ya ghala ikapita bei ya dawa. Sayano usimpe mama, ina sayanidi, ile sumu.

Nesi mstaafu, Sinza
Houston, usimtishe mtoto wa watu. Sayanidi iliyomo ni chembe tu, mwili unaitoa. Sayano haiharibiki upesi, bei yake nafuu, na mwili wenyewe unaigeuza kuwa methili.

Mwanangu, metformini hupunguza B12, kwa hiyo mama apimwe damu. Asiiache metformini kwa uamuzi wake. Na mdogo wako asome kisanduku vizuri: vile vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vingine vina B6 miligramu 200. Ukimeza hivyo miezi na miezi, B6 yenyewe huleta ganzi ile ile. Nimewaona wagonjwa wakiongeza dozi wakidhani haijatosha.

Mama Wawili, Reading
Vidonge havisaidii! GP, daktari wetu wa mtaa huku, alinianzishia haidroksokobalamini, B12 ya sindano: sindano sita kwa wiki mbili, sasa kila miezi mitatu.

Nesi mstaafu, Sinza
Hiyo ni kwa tumbo lako wewe, lisilofyonza B12. Hata hivyo, katika kidonge cha mikrogramu 1000, kama asilimia 1 hupenya yenyewe. Ni kama 10, na mtu mzima anahitaji 2.4 kwa siku.

Mdau Houston
Sawa mama, nimekuelewa. Lakini tungekuwa na uraia pacha tungesumbuliwa hivi? Hii hadhi maalum ya diaspora tuliyowekewa badala yake haikomboi kifurushi.

Mama Wawili, Reading
Kifurushi na uraia wapi na wapi? Mzaliwa wa Temeke mwenye kitambulisho chake cha NIDA anazungushwa vile vile. Mimi nawaza dagaa. Bibi alituwekea dagaa na maini, B12 tele, hakuna aliyejua jina lake. Nikifumba macho nalisikia soko la samaki la Feri alfajiri, wachuuzi wanavyonadi changu.

Binti Temeke, Leicester
Mama nesi, Mungu akubariki. Mdogo wangu anampeleka kupima kesho, na nimemwambia asinunue mchanganyiko. Kuhusu cheti, kuna aliyewahi kukipata?

Mdau Houston
Cheti sikijui, dada. Mashine ya sukari ya mama inatumia stripu gani? Natua Dar Desemba, begi lina nafasi ya kilo mbili.